Eduard Buchner na Maji ya Hamira



Mwangalie mama anayekaanga maandazi hapa kijijini Robanda. Kazi yake huanza usiku. Huchukua unga wa ngano, sukari kidogo, chumvi, maji ya vuguvugu na hamira. Hukanda vizuri, hufunika kwa kitambaa safi, kisha huweka mahali penye joto. Alfajiri akifunua, donge limeumuka hata limekaribia kufurika. Ukilikata utaona vitundu vingi ndani yake. Vitundu hivyo vimetengenezwa na hewa.

Sasa mwangalie mtu anayetengeneza togwa. Ulezi huloweshwa, huachwa uote, huanikwa juani, husagwa. Unga huo ndio kimea. Uji wa kawaida ukitiwa kimea na kuachwa kidogo ukiwa na joto la kadiri, huwa mwepesi na mtamu. Hakuna aliyetia sukari. Ukiuacha siku mbili tatu, hutoa mapovu na utamu wake hupungua. Hapo mtoto hapewi tena, maana sasa ni pombe.

Utamu ule ulitoka wapi? Na baadaye ulikwenda wapi?

Bibi zetu waliifanya kazi hii miaka mingi bila kukosea, ingawa jibu la swali hilo hawakuwa nalo. Hata wataalamu wa Ulaya hawakuwa nalo. Waligombana juu yake karibu miaka arobaini. Katika masomo haya tutasoma habari za mtu aliyemaliza ugomvi huo. Aliitwa Eduard Buchner. Alikuwa Mjerumani.

Mtoto wa Munich

Eduard Buchner alizaliwa tarehe 20 Mei 1860 katika mji wa Munich, kusini ya Ujerumani. Baba yake, Ernst, alikuwa daktari na mwalimu wa chuo kikuu. Nyumba yao ilikuwa ya watu waliosoma. Lakini mwaka 1872 baba alifariki. Eduard alikuwa bado mtoto.

Alikuwapo kaka yake, jina lake Hans. Hans alimzidi Eduard karibu miaka kumi, na yeye alikuwa akielekea kuwa daktari. Baba alipokufa, Hans alishika nafasi ya baba. Alimsimamia mdogo wake mpaka akamaliza shule. Wewe unajua jinsi ilivyo kaka mkubwa akiwa na moyo. Bila Hans, huenda tusingekuwa na habari hizi za kusoma leo.

Eduard alipomaliza shule alitumika kwa muda katika jeshi, kwenye kikosi cha mizinga. Kisha akaanza kusoma kemia. Kemia ni elimu ya kujua vitu vimeundwa kwa nini, na jinsi kitu kimoja kinavyogeuka kuwa kingine. Alilipenda sana somo hili. Lakini fedha zilikwisha. Ikambidi aache chuo akatafute kazi.

Alipata kazi katika kiwanda cha kutia vyakula kwenye makopo. Alifanya kazi hiyo miaka minne, kwanza Munich na baadaye mji wa Mombach. Wengi wangesema kijana huyo amepoteza miaka minne. Mimi sisemi hivyo, na utaona sababu yake mbele. Katika kazi ya makopo mtu hujifunza adui yake ni nani. Adui ni uchachu na uozo. Tena hujifunza njia za kumzuia, na moja ya njia hizo ni sukari nyingi. Ndiyo maana jemu haiozi upesi.

Mwaka 1884 Eduard alirudi kwenye masomo. Alikuwa na miaka 24. Hans alimsaidia tena. Alisoma kemia kwa Adolf von Baeyer, mwalimu mwenye sifa kubwa, na akasoma habari za mimea kwa Carl von Nägeli. Baadaye alipata msaada wa fedha za masomo kwa miaka mitatu. Mwaka 1888 alipata shahada ya udaktari wa elimu. Angalia jambo hili: mwenzetu huyu aliacha masomo, akafanya kazi ya kiwandani, akarudi darasani akiwa mtu mzima.

Ugomvi wa wakubwa

Ili uelewe alichokifanya Buchner, lazima kwanza ujue ugomvi ule ulihusu nini.

Hamira ukiitazama kwa macho ni kama unga tu. Ukiitazama kwa hadubini, yaani chombo kinachokuza vitu vidogo, unaona viumbe vya duara, vingi mno. Kila kimoja kina uhai. Hula, hukua, huzaa. Ni vidogo sana hata ukivipanga mstari mmoja, mia moja au zaidi huenea katika milimita moja.

Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyefanya watu wengi wakubali kwamba viumbe hivi ndivyo vinavyogeuza sukari kuwa pombe na hewa. Alianza kazi hiyo miaka ya 1850. Alisema mambo hayo ni kazi ya uhai. Pasipo hamira iliyo hai, hakuna kuchacha.

Mjerumani Justus von Liebig alikataa. Yeye alisema kuchacha ni mambo ya kemia tu, kama chuma kushika kutu. Mabishano yao yalikuwa makali. Liebig alikufa mwaka 1873, Pasteur akafa mwaka 1895. Wote wawili walikufa bila kukubaliana. Watu wengi walimwamini Pasteur, kwa sababu alikuwa ameonyesha mambo yake kwa majaribio mazuri.

Lakini kulikuwa na jambo moja dogo lililosumbua. Mwaka 1860 Mfaransa mwingine, Marcellin Berthelot, alitoa katika hamira kitu kinachoyeyuka katika maji. Kitu hicho kilikuwa hakina uhai. Hata hivyo alipokitia katika maji ya sukari ya miwa, sukari ile iligawanyika ikawa sukari mbili nyingine. Yaani sukari hii tunayonunua dukani kwa kilo, kila chembe yake ni sukari mbili zilizoshikana. Moja huitwa glukosi, ya pili huitwa fruktosi. Fruktosi ndiyo sukari ya matunda, nayo ni tamu kupita sukari ya dukani. Nyuki naye hufanya kazi kama hiyo hiyo. Hugawanya sukari ya maua kwa kitu kilichomo mwilini mwake, na asali tunayoirina ni mchanganyiko wa sukari hizo mbili, glukosi na fruktosi.

Kitu cha namna hii, kinachogeuza vitu vingine chenyewe bila kwisha, kwa Kiswahili tunakiita kimeng'enya. Neno hili limetoka katika kumeng'enya, kwa kuwa vitu hivi ndivyo vinavyomeng'enya chakula tumboni. Wazungu wao wana jina ambalo Mjerumani Wilhelm Kühne alilitunga mwaka 1878 kutokana na Kigiriki. Maana yake ni ndani ya chachu.

Basi watu walikubali kwamba kimeng'enya kinaweza kugawa sukari. Lakini kugeuza sukari kuwa pombe, walisema, hiyo ni kazi kubwa mno. Hiyo inataka uhai wenyewe.

Kusaga kisichosagika

Buchner alitaka kujua ndani ya hamira mna nini. Njia ya kujua ni kuivunja. Ukitaka kujua ndani ya karanga mna nini, unapasua ganda. Lakini ganda la hamira ni gumu, na karanga yenyewe haionekani kwa macho.

Alianza majaribio hayo mwaka 1893 huko Munich. Mwalimu wake Baeyer alimsaidia kupata fedha za chumba kidogo cha kazi. Lakini wakubwa wa mahali pale waliitazama kazi yake wakaona haitaleta faida yoyote. Ikasimamishwa. Kwa miaka mitatu hivi Buchner hakuigusa tena. Alihamia mji wa Kiel kufundisha, na mwaka 1896 akahamia Tübingen.

Kaka yake Hans hakuisahau. Wakati huo Hans alikuwa mkubwa wa chuo cha afya huko Munich. Yeye alikuwa na nia nyingine. Alidhani ndani ya vijidudu mna vitu vinavyoweza kuwa dawa, na alitaka maji ya ndani yao ayajaribu kwa wanyama. Kwa hiyo kazi ya kuvunja hamira ilianza tena, na Martin Hahn, msaidizi wa Hans, alishiriki.

Walifanya hivi. Walichukua kilo moja ya hamira ya watengenezaji bia. Walichanganya na kilo moja ya mchanga mgumu na robo kilo ya udongo mweupe mwepesi, wenye chembe ndogo kali. Shauri la kutia udongo huo lilikuwa la Hahn. Mchanganyiko huo waliutwanga na kuusaga katika kinu. Mwanzoni ulikuwa mkavu kama unga. Walipoendelea kusaga ukawa na unyevu, ukashikana kama ugali. Unyevu huo ndio uliokuwa ndani ya hamira. Kisha walitia maji kidogo, wakaufunga katika kitambaa kigumu, wakaukamua kwa mtambo wa chuma wenye nguvu sana. Msukumo wake ulikuwa kama mara 400 hadi 500 ya msukumo wa hewa tunayoivuta. Walipata kiasi cha nusu lita ya maji ya rangi ya manjano hafifu, yenye harufu nzuri ya hamira.

Ukilitazama kwa makini, ni kazi ya kinu na kitambaa cha kukamulia. Mama yeyote wa hapa angeielewa.

Mapovu

Maji yale yaliharibika upesi. Walitia dawa za kuzuia uozo, lakini dawa hizo hazikufaa kwa wanyama waliokuwa wapewe maji hayo. Ndipo wakafikiri juu ya sukari, kama watu wanavyohifadhi matunda. Sasa unakumbuka kiwanda cha makopo?

Walitia sukari nyingi ya miwa. Ilikuwa mwaka 1896, wakati wa likizo, na Eduard alikuwa Munich kumtembelea kaka yake. Aliyatazama maji yale katika chombo. Yalikuwa yanatoa mapovu.

Mtu mwingine angesema, maji haya nayo yameharibika, tuyamwage. Buchner hakuyamwaga. Alijua mapovu yale ni ya nini. Sukari ilikuwa inageuka kuwa pombe na hewa. Lakini hamira iliyo hai haikuwamo. Ilikuwa imesagwa, imekamuliwa, na maji yake yamechujwa.

Alirudia kazi hiyo mara nyingi. Mapovu yalianza kuonekana baada ya robo saa hadi saa moja, na yaliendelea kwa siku kadhaa. Alijaribu sukari za namna mbalimbali. Sukari ya miwa ilichacha. Glukosi ilichacha. Sukari ya matunda ilichacha. Sukari ya kimea, ile ile iliyo katika togwa, ilichacha. Sukari ya maziwa ilikataa, kama inavyoikataa hamira ya bia iliyo hai.

Mwezi wa Januari 1897 alipeleka maandishi yake kwa wachapishaji. Alikuwa na miaka 36. Kitu kilichomo ndani ya maji yale alikipa jina la zimasi.

Usidhani watu walimpigia makofi mara moja. Wengine walijaribu kufanya kama yeye wakashindwa. Wengine walisema ndani ya maji yale bado mna vipande vya hamira vyenye uhai. Buchner alijibu kwa kazi. Aliyachuja maji kwa vichujio vyenye matundu madogo mno, bado yalitoa mapovu. Alitia dawa zinazoua viumbe hai, bado yalitoa mapovu. Aliyakausha yakawa unga, akauyeyusha tena, bado yalitoa mapovu. Mwaka 1903 alitoa kitabu juu ya mambo hayo pamoja na Hans na Hahn. Lakini Hans hakukiona, kwa kuwa alifariki mwaka 1902.

Basi nani alishinda, Pasteur au Liebig? Kwa maoni yangu kila mmoja alishika upande mmoja wa gunia. Pasteur alisema kweli kwamba hamira iliyo hai ndiyo inayotengeneza vitu hivyo. Liebig alisema kweli kwamba kazi yenyewe ni ya kemia. Kimeng'enya kikisha kutengenezwa, hufanya kazi hata kama mwenye kukitengeneza amekufa.

Utamu ulitoka wapi

Sasa turudi kwenye togwa. Ndani ya ulezi mna wanga. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi nyingi zilizofungana, na ulimi hauonji utamu wake. Mbegu ya ulezi ikianza kuota hutengeneza vimeng'enya vya kukata mnyororo huo, ili mche mchanga upate chakula. Sisi tunaukausha mche na kuusaga, lakini vimeng'enya vyake tunabaki navyo. Vikiingia katika uji huukata wanga wake kuwa sukari ya kimea. Ndipo uji unapokuwa mwepesi na mtamu. Ukitia kimea katika uji unaochemka sana, hautakuwa mtamu, kwa sababu moto mkali huharibu vimeng'enya. Wapishi hodari wanalijua hili. Husubiri uji upoe kiasi.

Sukari ya kimea nayo ni glukosi mbili zilizoshikana. Chachu ina kimeng'enya cha kuzitenganisha. Baada ya hapo vimeng'enya vyake vingine huishika glukosi na kuigeuza hatua kwa hatua mpaka iwe pombe na hewa. Utamu wa togwa ulikwenda huko.

Mjerumani Emil Fischer alieleza mwaka 1894 kwamba kila kimeng'enya na kitu chake ni kama ufunguo na kufuli. Ufunguo wa sukari ya miwa haufungui sukari ya maziwa.

Siku hizi viwanda hutumia funguo hizo. Kimeng'enya kile cha Berthelot hutolewa katika hamira na kutiwa katika peremende ambazo ndani yake mna kitu laini. Hutiwa sukari ngumu, na baada ya siku kadhaa kimeng'enya huigawa, ikawa laini ndani kwa ndani. Tena ziko aina nyingine za hamira zenye kimeng'enya cha kugawa sukari ya maziwa. Kuna watu wengi wazima ambao wakinywa maziwa tumbo hujaa gesi na kuhara, kwa kuwa miili yao haina tena kimeng'enya hicho cha kutosha. Maziwa yaliyotiwa kimeng'enya cha hamira hawadhuru. Ukiyaonja ni matamu zaidi kidogo, ingawa hayakutiwa sukari.

Ukitaka kujionea mwenyewe, chukua chupa tupu. Tia maji ya vuguvugu nusu ya chupa, vijiko viwili vya sukari na kijiko kimoja cha hamira. Funga mdomo wa chupa kwa mfuko laini wa nailoni uliobanwa ili usiwe na hewa, ukaze kwa uzi. Usitumie kizibo, maana chupa inaweza kupasuka. Baada ya saa moja au mbili utaona mfuko umejaa. Jaribuni darasani.

Sifa, na vita

Mwaka 1898 Buchner alikwenda kufundisha katika Chuo cha Kilimo mjini Berlin. Mwaka 1900 alimwoa Lotte Stahl. Mwaka 1907 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, heshima kubwa kupita zote katika elimu hiyo. Huo ndio mwaka Vita vya Majimaji vilipokuwa vikimalizika kusini mwa nchi yetu, wakati bara lilipokuwa koloni la nchi yake.

Wataalamu waliomfuata waligundua kwamba zimasi si kitu kimoja. Ni kundi la vimeng'enya vinavyopokezana kazi, kama watu wanaopokezana matofali. Tena waligundua kwamba misuli ya mwili wako huivunja glukosi kwa hatua karibu zile zile. Ukipanda mlima au ukilima, ndani yako kuna kazi inayofanana na ile ya hamira.

Buchner mwenyewe alihamia Breslau mwaka 1909, na mwaka 1911 akahamia Würzburg. Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Alikuwa na miaka 54, mtu wa chuo, mwenye tuzo, mwenye watoto watatu. Hakuna aliyemlazimisha. Alijitolea mwenyewe, akapewa kazi ya kusimamia magari ya kupeleka risasi na mabomu. Mwaka 1916 aliitwa nyumbani afundishe. Mwaka 1917 alirudi tena vitani.

Vita hiyo ilifika na huku kwetu. Boma la Wajerumani la Ikoma, ambalo magofu yake hayako mbali na Robanda, liliona mapigano mwezi wa Juni 1917. Kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Naumann kilipigana hapo na askari wa Wabelgiji. Wazee wa Ikoma waliokuwa watoto wakati huo waliishi na habari hizo.

Miezi miwili baadaye, mbali sana na hapa, Meja Eduard Buchner alikuwa katika hospitali ya vitani huko Focșani, nchini Romania. Alijeruhiwa, na mwezi wa Agosti 1917 alifariki kwa majeraha hayo. Alikuwa na umri wa miaka 57. Lotte alibaki na watoto wao watatu, wavulana wawili na msichana mmoja, na safari hii hakuwapo Hans wa kushika nafasi ya baba.